Klachi ya Subaru STI iliyoongezwa nguvu: oganiki, kevla, vipande vya seramiki au pleti mbili?

Mwenye Subaru Impreza WRX STI ambaye amebadilisha tabo, bomba la moshi na ramani ya kompyuta ya injini hulijua tatizo la klachi kwa dalili moja. Gari likiwa katika gia ya nne, anapokanyaga mafuta kuanzia mizunguko 3,000, mshale wa mizunguko hupanda upesi ilhali ule wa mwendo unabaki nyuma, na baada ya muda mfupi harufu ya kuungua huingia ndani ya gari. Mara nyingi klachi hiyo ya kiwandani haina ubovu wowote, ila imefika mwisho wa kile ilichoundwa kubeba. STI ya toleo la GRB iliyouzwa Japani ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu farasi 308 na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm (niutoni-mita) 422, na ile ya Marekani ya mwaka 2004 yenye injini ya lita 2.5 ilikuwa na nguvu farasi 300 na Nm 407. Kiwanda huacha akiba fulani juu ya namba hizo, na akiba hiyo ndiyo inayoliwa na mabadiliko ya kwanza ya tabo na ramani.

Ulinganisho huu unahusu aina nne za klachi ambazo mtu hukutana nazo anapotafuta badala ya ile ya kiwandani: pleti ya oganiki yenye presha pleti (kifuniko chenye springi kinachoibana pleti) iliyoimarishwa, pleti ya kevla, pleti ya vipande vya seramiki, na klachi ya pleti mbili. Nautanguliza msimamo wangu ili msomaji aupime njiani. Klachi inayofaa ni ile ndogo kuliko zote inayoweza kubeba toki ya gari lako ikabakiwa na akiba ya asilimia 15 hadi 25, kwa sababu uwezo wote unaozidi hapo hulipiwa na mguu wa kushoto, na gia boksi, au na beringi za injini.

Ijulikane toki kwanza

Klachi haisikii nguvu farasi. Husikia toki tu. Nguvu farasi hupatikana kwa kuzidisha toki na mizunguko, na kwa hiyo gari lenye farasi nyingi si lazima liwe ndilo linaloitesa klachi. Injini yenye tabo kubwa inayotoa Nm 480 kwenye mizunguko 6,500 ina farasi zipatazo 440, na mwenyewe huzitaja kwa fahari. Jirani yake mwenye tabo ndogo inayojaza mapema, yaani inayoanza kusukuma hewa kwenye mizunguko ya chini, anaweza kuwa na farasi 350 tu, lakini toki yake ikafika Nm 520 kwenye mizunguko 3,800. Anayehitaji klachi imara zaidi ni huyu wa pili, ingawa katika mazungumzo ya gereji yeye ndiye atakayeambiwa kuwa klachi ya kawaida inamtosha.

Vipimo navyo vina mitego yake. Katalogi za Marekani huandika uwezo wa klachi kwa futi-pauni, na futi-pauni 400 ni sawa na Nm 542, wakati zile za Kijapani hutumia kilo kwa mita, ambapo 43 ni Nm 422. Mtu akilinganisha namba bila kuzigeuza atanunua klachi asiyoihitaji au atapungukiwa. Mtego mwingine ni mahali pa kupimia: mashine ya kupimia nguvu kwenye magurudumu husoma kile kilichobaki baada ya gia boksi, difa na shafti kuchukua sehemu yao, na kwa gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne hasara hiyo huchukuliwa kuwa moja ya tano au zaidi kidogo. Kipimo cha Nm 450 kwenye magurudumu humaanisha Nm 560 hivi kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi hufungwa juu yake, na klachi, kwa kuwa imekaa mbele ya gia boksi, hubeba ile namba kubwa.

Neno steji, linalotajwa sana na wauzaji, halina kipimo kinachokubaliwa na wote. Steji ya pili ya Exedy ni pleti ya seramiki, ilhali kwa watengenezaji wengine steji hiyohiyo ni pleti laini ya matumizi ya kila siku. ACT wa California hawatumii steji kwa namna hiyo. Herufi zao hutaja presha pleti na aina ya pleti, kwa mfano HDSS kwa presha pleti nzito na pleti ya barabarani yenye springi, na HDG6 kwa presha pleti hiyohiyo yenye pleti ya vipande sita. Utaratibu huo wa pili naupenda zaidi, kwa sababu humlazimisha mnunuzi kujua anachonunua. Popote unapoambiwa steji, uliza pleti ni ya nini, ina springi au haina, na presha pleti inabana kwa nguvu kiasi gani.

Hesabu iliyo nyuma ya namba

Uwezo wa klachi hutokana na vitu vinne vinavyozidishwa pamoja: mgawo wa msuguano wa pleti, nguvu ya presha pleti ya kubana, nusu kipenyo cha wastani cha eneo linalosuguana, na idadi ya nyuso zinazosuguana. STI yenye gia sita hutumia pleti ya milimita 240, na WRX za zamani zenye gia tano hutumia ya milimita 230. Tuchukue mfano wa kielelezo, usio wa kiwanda chochote: pleti ya milimita 240 yenye nusu kipenyo cha wastani cha milimita 100, mgawo wa msuguano wa 0.3, nguvu ya kubana ya niutoni 8,000, na nyuso mbili. Zidisha 0.3 kwa 8,000, kisha kwa mita 0.1, kisha kwa 2, nawe utapata Nm 480.

Kipenyo hakiongezeki kwa sababu kengele ya gia boksi, yaani ganda linaloifunika klachi, haina nafasi, kwa hiyo njia zinabaki tatu. Ukiongeza nguvu ya kubana kwa asilimia 20, uwezo unapanda hadi Nm 576, na huo ndio mkondo wa oganiki iliyoimarishwa. Ukiacha presha pleti ilivyo na kutumia pleti yenye mgawo wa 0.4, unapata Nm 640, na hiyo ni njia ya seramiki. Ukiweka pleti mbili ndogo za milimita 200 zenye nyuso nne, hata kwa mgawo uleule wa 0.3 na nusu kipenyo cha wastani cha milimita 85, unafika Nm 816. Hesabu hii fupi inaeleza tabia zote zitakazofuata, kwani kila njia ina mahali inapodai malipo yake.

Joto, na kwa nini magurudumu manne yanaiumiza klachi

Namba ya uwezo huzungumzia klachi iliyokwisha kushika. Inapokuwa bado inateleza, wakati wa kuondoka, jambo linaloihukumu ni joto. Gari la kilo 1,500 likiondoka kwa utulivu na klachi ikamaliza kushika kwenye mwendo wa kilomita 10 kwa saa, nishati inayogeuka kuwa joto ndani ya klachi ni kilojuli 6 hivi. Gari hilohilo likirushwa kutoka mstari wa kuanzia, klachi ikateleza hadi kilomita 40 kwa saa, joto linafika kilojuli 93. Mwendo umezidi mara nne, joto limezidi mara kumi na sita.

Katika gari linaloendeshwa kwa magurudumu mawili, matairi huteleza na kuchukua sehemu kubwa ya mzigo huo. STI haina huruma hiyo. Magurudumu manne yameshika lami, matairi hayakubali, na kitu pekee kinachoweza kuteleza ni klachi. Ndiyo maana klachi inayodumu miaka mingi kwenye gari jingine lenye toki sawa huweza kuisha katika msimu mmoja wa mashindano ya kuondoka kwa kasi.

Mwinuko wa Nairobi unaongeza jambo moja ambalo sijaona likizingatiwa vya kutosha. Katika mita 1,700 na kidogo juu ya bahari, hewa ina msukumo mdogo kuliko wa Mombasa au Dar es Salaam kwa karibu moja ya tano, na injini ya tabo, kabla tabo haijajaza, haina tofauti na injini ya kawaida iliyonyimwa hewa. Kwa hiyo dereva wa Nairobi huongeza mafuta na kuachia klachi taratibu zaidi ili gari lisizimike, hasa kwenye mlima, na klachi yake huteleza kwa muda mrefu kidogo kila anapoondoka. Dereva wa Dar es Salaam hana shida hiyo, lakini ana joto la pwani na foleni ya Barabara ya Morogoro, ambako gari husogea na kusimama mara nyingi kabla klachi haijapoa.

Oganiki yenye presha pleti iliyoimarishwa

Hii ni pleti ya duara kamili, iliyotengenezwa kwa nyuzi na gundi ngumu, mara nyingi ikiwa na nyuzi za shaba ndani yake ili kusambaza joto, nayo hubanwa na presha pleti yenye nguvu zaidi ya ile ya kiwandani. Sifa yake kuu ni kwamba inateleza vizuri. Sentensi hiyo inaweza kuonekana kama kasoro, lakini kuteleza kwa kipimo ndiko kunakomwezesha dereva kuondoka mlimani na mtu mwingine akiwa amesimama nyuma yake kwa umbali wa hatua mbili, na ndiko kunakoikinga gia boksi dhidi ya pigo la ghafla. Gari lenye klachi hii laweza kukabidhiwa mke, mume au fundi bila maelezo marefu.

Malipo yake yako mahali pawili. Pedeli inakuwa nzito kwa kiasi kinachokaribiana na nguvu ya kubana iliyoongezwa, na katika msongamano wa saa mbili mguu utaihisi. Pili, gundi inayoshikilia pleti haivumilii joto kali: inapopita nyuzi 250 hadi 300 za selisiasi msuguano hushuka, uso wa pleti hung'aa kama kioo, na klachi huteleza hata kwa toki iliyokuwa ikiibeba jana. Ikiungua kidogo na kupumzishwa kwa kuendeshwa taratibu, huweza kurudi. Ikiungua mara kwa mara, haitarudi.

Kwa STI ya barabarani yenye toki ya Nm 450 hadi 550 kwenye flaiwili, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapa, na nalisema hilo nikijua kuwa wengi wenye toki hiyo wameuziwa kitu kikali zaidi.

Kevla

Pleti ya kevla husifiwa kwa maisha marefu na kwa kutoikwaruza flaiwili, na sifa hizo ni za kweli. Tatizo ni kwamba msuguano wake haupiti ule wa oganiki kwa kiasi cha maana, kwa hiyo uwezo wake wa ziada hutegemea presha pleti kwa mtindo uleule wa oganiki. Huhitaji kuzoezwa kwa upole kwa zaidi ya kilomita 1,000, na ikipashwa joto kupita kiasi uso wake hung'aa bila kurejea hali yake. Kwa gari linalovuta mzigo kwa utaratibu inafaa. Kwa gari ambalo mwenyewe amelinunua ili alikanyage, subira inayodaiwa na kevla ni kubwa kuliko faida inayoitoa, isipokuwa pale upande mmoja wa pleti ulipowekwa kevla na mwingine seramiki, mchanganyiko ambao hupunguza ukali wa seramiki bila kuuondoa.

Vipande vya seramiki

Badala ya duara kamili, pleti hii hubeba vipande vitatu, vinne au sita vya unga wa shaba, chuma na seramiki uliokandamizwa na kuokwa hadi ukawa kitu kigumu kimoja. Mgawo wake wa msuguano hufika 0.4 au zaidi, na huvumilia joto ambalo lingeigeuza oganiki kuwa vumbi. Kwa kuwa uwezo wake unatokana na msuguano, pedeli inaweza kubaki nyepesi, na bei yake huwa karibu na ya oganiki. Ukisoma katalogi peke yake, hii ndiyo klachi ya kununua.

Barabarani inasimulia habari nyingine. Seramiki hushika au haishiki. Nafasi iliyo kati ya hali hizo mbili ni nyembamba kama unene wa soli ya kiatu. Dereva akijaribu kuitelezesha, gari hutikisika mbele na nyuma, na mtikisiko huo huenda moja kwa moja kwenye mikono inayoishikilia injini, shafti na difa. Vipande vidogo vinavyobanwa kwa nguvu kubwa huila flaiwili. Pleti isiyo na springi katikati ni kali zaidi, na nje ya uwanja wa mashindano sioni mahali pake. Yenye springi huvumilika, lakini kuvumilika si kufaa. Hapa Nairobi, ambako nimeeleza kuwa injini huwa dhaifu kabla ya tabo kujaza, ukali huo unazidi, kwa sababu dereva hana budi ama kuongeza mafuta na kurukaruka, ama kulizima gari katikati ya mzunguko wa barabara.

Niliwahi kufunga pleti ya vipande sita kwenye WRX yangu ya gia tano kwa ushauri wa gereji moja iliyonihakikishia kuwa sitabadilisha klachi tena. Ahadi hiyo ilitimia kwa namna ya kusikitisha: miezi minne baadaye gia ya tatu ilipoteza meno nikiwa napandisha gari kutoka Mai Mahiu, na gia boksi ilipofunguliwa klachi ilikuwa nzima kabisa. Klachi ya zamani ilikuwa inateleza kidogo kila nilipokanyaga vibaya, na kwa kuteleza huko ilikuwa inazilinda gia. Niliiondoa kinga hiyo kwa hiari yangu bila kujua kuwa ilikuwa kinga. Gia boksi ya STI yenye gia sita ni imara kuliko ya gia tano kwa mbali, lakini kanuni ni ileile: pigo ambalo klachi inakataa kulipokea litapokelewa na kitu kinachofuata, na kitu hicho ni ghali zaidi.

Kuna pleti za seramiki za duara lililogawanywa, zenye eneo kubwa kuliko vipande sita, nazo hushika kwa upole kidogo zaidi. Mtu anayekimbiza gari uwanjani mara nyingi na asiyeweza kumudu pleti mbili anaweza kuzifikiria. Kwa mashindano ya mbio fupi za kunyooka, ambako gari hubebwa kwa trela na kurushwa mara chache kwa siku, vipande vya seramiki vina haki yake yote, na sitamshawishi mtu wa mchezo huo aviache.

Pleti mbili

Klachi ya pleti mbili hutatua tatizo kwa njia ninayoiona kuwa ya kistaarabu zaidi. Badala ya kukaza springi au kutafuta kitu chenye kuuma, huongeza nyuso: pleti mbili, na kati yake pleti ya chuma inayozunguka pamoja na flaiwili. Joto linagawanywa kwenye chuma kingi zaidi, na pedeli inaweza kubaki karibu na ile ya kiwandani huku uwezo ukipita Nm 700. OS Giken wa Okayama na Exedy, ambao makao yao yako Neyagawa katika mkoa wa Osaka, wametengeneza klachi za namna hii kwa miaka mingi, na magari mengi ya Kijapani yenye nguvu kubwa huzitumia.

Jambo la kuamua hapa ni pleti hizo mbili zimetengenezwa kwa nini. Pleti mbili za oganiki huondoka kwa upole unaomfanya mtu asahau kuwa chini yake kuna uwezo mkubwa hivyo. Pleti mbili za seramiki ni kali, ingawa si kwa kiwango cha vipande sita kwenye pleti moja, na hubeba toki ambayo injini nyingi za EJ, familia ya injini za STI hizi, hazitaifikia zikiwa na pistoni za kiwandani. Kwa gari la barabarani lenye Nm 560 hadi 700, pleti mbili za oganiki ndizo ningechagua bila kusita.

Gharama ipo. Seti moja huweza kufika mara tatu ya bei ya oganiki ya pleti moja, na mara nyingi huja na flaiwili yake, jambo linalopunguza uchungu kidogo kwa kuwa utakuwa umenunua vitu viwili. Pleti ya kati hulia pedeli inapokanyagwa, mlio wa chuma kugongana ambao abiria atauuliza. Flaiwili hizo huwa nyepesi, na wepesi huo, unaofanya injini ipande mizunguko kwa furaha, hufanya pia gari lizimike kwa urahisi wakati wa kuondoka. Klachi za kiwandani za STI ni za kuvuta, yaani beringi huzivuta springi za presha pleti ili klachi iachie, na baadhi ya seti za Kijapani huugeuza mfumo huo kuwa wa kusukuma kwa kuleta uma na beringi tofauti, hivyo hakikisha vipande hivyo vimo ndani ya boksi kabla gia boksi haijashushwa.

Klachi za kaboni nazitaja kwa ufupi. Ni nyepesi, hustahimili joto kuliko zote, na bei yake huzidi thamani ya baadhi ya gari zinazofungwa. Zikiwa baridi hazishiki sawasawa na zikiwa moto.

Magari ya mashindano yasikupotoshe

Mapenzi ya wengi kwa Impreza nchini Kenya yalikolea Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000, wote wakiwa kwenye Subaru. Ni fahari inayoeleweka, nami ninayo. Lakini klachi ya gari la namna hiyo ni kifaa kidogo cha pleti nyingi, hukaguliwa na mafundi kila wakati, na dereva wake hasimami kwenye foleni ya Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni. Kuiga klachi ya gari la mashindano kwa gari la kwenda kazini ni kuchukua sehemu ngumu ya mchezo na kuiacha ile inayoifanya iwezekane.

Pedeli na beringi ya msukumo

Katika kulinganisha oganiki iliyoimarishwa sana na pleti mbili, wengi huishia kwenye bei, na kitu kimoja husahaulika. Kila unapokanyaga klachi, nguvu ya presha pleti huegemea krankshafti kuelekea upande mmoja, na kitu kinachoizuia ni beringi ya msukumo. Presha pleti nzito kupita kiasi huila beringi hiyo taratibu, na ubaya ni mkubwa zaidi injini inapowashwa klachi ikiwa imekanyagwa, kwa sababu wakati huo oili haijafika. Kwa sababu hiyo sishauri presha pleti kali kuliko zote katika familia ya pleti moja. Mtu ambaye toki yake imepita uwezo wa presha pleti ya kati ahamie pleti mbili. Na yeyote mwenye presha pleti nzito, gari likimruhusu, aliwashe likiwa niutro bila kukanyaga klachi.

Uamuzi kwa hali mbalimbali

Kwa gari la kila siku lenye toki isiyozidi Nm 450, pleti na presha pleti ya kiwandani iliyo mpya na halisi inatosha, na pesa inayobaki iende kwenye breki. Kati ya Nm 450 na 550, oganiki yenye presha pleti ya kati. Kati ya 560 na 700 kwa barabara na siku chache za uwanjani, pleti mbili za oganiki. Kama fedha hazitoshi, ningemshauri mtu apunguze msukumo wa tabo katika mizunguko ya chini hadi atakapozipata, kwa kuwa fundi wa ramani anaweza kushusha toki ya katikati na kubakiza farasi za juu. Kupita 700, pleti mbili za seramiki, na hapo gia boksi nayo iwe imeandaliwa. Kwa WRX ya gia tano, toki yoyote iliyo nayo, vipande vya seramiki visifungwe kabisa kwa matumizi ya barabarani.

Mwenye gari linalokimbizwa kwenye mashindano ya lami kama Kiamburing TT na kisha kurudishwa kazini Jumatatu yuko mahali pagumu zaidi. Kwake pleti mbili za oganiki zina faida ambayo namba hazionyeshi: akikosea kuondoka mara moja, chuma kilicho ndani kinatosha kulimeza joto, na Jumatatu gari litaondoka kama kawaida.

Wakati wa kununua na kufunga

Majina makubwa ya klachi huigizwa, na boksi la bandia hufanana na halisi kuliko inavyodhaniwa. Linganisha namba ya kipande na katalogi ya mtengenezaji, angalia kama pleti ina alama zake zilizopigwa na si kubandikwa, na uikatae bei iliyo chini mno. Muuzaji wa kweli hatakasirika ukimwomba muda wa kukagua.

Kwa kuwa kazi kubwa ni kushusha na kupandisha gia boksi, na kazi hiyo ni ileile kwa klachi yoyote, vitu vilivyojificha nyuma ya flaiwili vibadilishwe kwa pamoja: sili ya nyuma ya krankshafti, beringi ya klachi, na beringi ya katikati ya flaiwili. Injini za zamani za EJ zina kifuniko cha kutenganisha oili nyuma ya injini ambacho kilikuwa cha plastiki na huvuja. Cha chuma kipo na si ghali, na tone moja la oili kwenye pleti ya oganiki linaharibu kila nilichokieleza hapo juu. Kagua pia bomba ambalo beringi ya klachi huteleza juu yake, kwani likiwa na mfereji, pedeli mpya itakwama kama ya zamani. Flaiwili ya zamani ipelekwe kwa fundi wa leithi ikasawazishwe, au ibadilishwe ikiwa ina nyufa za joto.

Kisha kuna kuizoeza. Kwa oganiki, kilomita 800 hivi za kuondoka na kusimama mjini, bila tabo kujaza kikamilifu na bila kuondoka kwa kasi. Kilomita 800 za barabara kuu hazihesabiki, kwa sababu klachi iliyoshika haisuguani na chochote. Zikitimia, tafuta barabara iliyo wazi, weka gia ya nne kwenye mizunguko 2,500, kanyaga mafuta hadi chini na uitazame mishale miwili ikipanda. Ikipanda pamoja mpaka tabo imejaza yote, klachi imeshika, na ramani ya nguvu kamili inaweza kurudishwa.